Safari ya Milimani Huanzia Nyumbani

1. Milima iliyo jirani yetu

Sisi tukaao huku Mbugani, katika nchi ya Kyela, twaishi kati ya maji na milima. Kusini yetu limelala Ziwa Nyasa. Kaskazini twauona mlima Rungwe, wenye kimo cha mita 2,960 hivi, ambao zamani ulikuwa mlima wa moto. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta juu ya ziwa. Watu wa Matema hulingoja jua kila asubuhi, kwa kuwa halina budi kuupanda ukuta huo kwanza ndipo liwaangaze.

Wataalamu wa miamba hutufundisha kwamba hapo kale nchi ilipasuka, upande mmoja ukazama na upande wa pili ukainuka. Penye shimo maji yakajaa, nalo ndilo ziwa letu, ambalo kina chake mahali pengine chafikia mita 700 hivi. Upande ulioinuka ndio milima hii. Jina la Livingstone ilipewa na Mwingereza mmoja, Elton, mwaka 1877. Lakini Wakinga wakaao juu na Wakisi wakaao ufukoni walizijua njia zake zamani kabla ya Elton kufika.

Huenda, msomaji, umewahi kuitazama milima hii ukasema moyoni, “Likizo ijayo nitakwenda kuona kulivyo huko juu.” Hilo ni wazo jema. Walakini yafaa ujue tofauti iliyopo kati ya mlima uliozoewa na wageni na mlima usiozoewa. Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, hupandwa na watu maelfu mengi kila mwaka. Huko wako viongozi na wapagazi, viko vituo vya kulala, na njia imekanyagwa hata haipotei. Milima ya Livingstone haina wageni wengi hivyo. Mahali pengi hakuna kibao cha kukuambia geuka kulia, wala duka la kununua ulichosahau. Basi mambo ambayo kwingine watu wengine wamekwisha kukuwazia, huku sharti uyawaze mwenyewe kabla ya kutoka nyumbani.

Katika Injili twasoma habari za mtu aliyeanza kujenga mnara bila kukisia gharama, akashindwa kuumaliza, na watu wakamcheka. Msafiri wa milimani asiyefanya hesabu aweza kupatwa na jambo baya kuliko kuchekwa.

Tuseme wako wanafunzi watano wa Mbugani, nao pamoja na mwalimu wao wataka kupanda kutoka Matema mpaka nchi ya Wakinga, kisha wafike uwanda wa Kitulo. Na tuwafuate tuone watakavyopanga safari yao.

2. Kuchagua wakati

Swali la kwanza ni hili: waende lini? Likizo ndefu ni mbili, moja katikati ya mwaka na moja mwisho wa mwaka. Hapo wanafunzi wale watagawanyika.

Wengine watasema, “Twende Desemba, tukaone maua.” Nao wana sababu. Uwanda wa Kitulo, wenye kimo cha mita 2,600 hivi, wenyeji wauita Bustani ya Mungu. Toka Desemba mpaka Aprili nyasi zake hujaa maua ya rangi nyingi, na katika hayo ziko aina 45 za okidi. Mwaka 2005 Serikali ya Tanzania iliufanya uwanda huo, pamoja na msitu wa Livingstone ulio karibu nao, kuwa Hifadhi ya Taifa. Katika Afrika ya joto hiyo ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza kuwekwa hasa kwa ajili ya mimea.

Wengine watajibu, “Maua huletwa na mvua, na mvua huleta matope.” Nao pia wana sababu. Mvua ikinyesha sana, njia ya mlimani huteleza kama samaki mkononi, vijito hufurika, na alasiri radi hupiga vileleni. Nasi wa Mbugani twajua zaidi, maana miezi ya masika mito yetu, Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufirio, huleta mpaka mlangoni petu maji yaliyonyesha huko juu.

Mwezi wa Juni njia ni kavu na mtu aona mbali. Lakini maua ni machache, na usiku baridi huwa kali hata jalidi, yaani umande ulioganda, hufunika majani.

Je, nani kati yao ana haki? Wote wawili. Hakuna mwezi utoao kila kitu. Mwenye busara huuliza kwanza, “Nataka kuona nini, nami naweza kuvumilia nini?” Wanafunzi wetu hawajapata kupanda mlima mrefu, na wawili kati yao ni wadogo. Basi mwalimu atachagua Juni. Atawaambia, “Maua tutayafuata mwaka mwingine, miguu yetu ikiisha kujifunza njia.”

3. Kuuliza wanaojua

Jambo la pili ni kuuliza. Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga, na habari ya kweli ya milima hii yathibitisha neno hilo. Wawindaji wa Rungwe walimjua tangu zamani nyani mmoja wa msituni, wakamwita kipunji. Wataalamu wa wanyama waliposikia habari zake hawakuzidharau, bali walimtafuta, nao wakamwona mwaka 2003. Mwaka 2005 ulimwengu wote ukatangaziwa, na mwaka uliofuata kipunji akapewa ukoo wake mwenyewe katika vitabu vya elimu. Wataalamu wale waliongozwa na maneno ya wenyeji wasio na vitabu. Ikiwa wao waliuliza, kwa nini sisi tusiulize?

Mahali pema pa kuuliza ni sokoni Lyulilo, karibu na Matema, siku ya Jumamosi. Huko wanawake wa Kikisi huleta vyungu vyao kwa mitumbwi, na watu wa milimani huweza kuonekana pia. Tuseme wanafunzi wetu wamkuta mzee mmoja wa Kikinga, amekaa kivulini.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, wajukuu zangu. Mwatoka wapi?”

“Twatoka Mbugani, babu. Twataka kupanda mpaka kwenu wakati wa likizo, nasi twaomba utufundishe njia.”

Mzee atawatazama miguuni kabla ya kujibu. “Viatu hivyo vitawatoa malengelenge. Tena msiniulize njia tu. Niulizeni maji yako wapi, na ukungu hushuka saa ngapi, na nyumba ya mwisho iko wapi kabla ya msitu.”

Angalieni jinsi mzee alivyowafundisha hata kuuliza. Mgeni huuliza kwamba njia ni ndefu kiasi gani, na mwenyeji hujibu, “Ni hapo tu,” maana kwa miguu yake ni hapo tu. Yafaa kuuliza, “Wewe ukitoka hapa alfajiri, wafika saa ngapi?” Kisha uongeze muda kwa ajili ya miguu yako.

Tena, hifadhi ina sheria zake. Asiingie mtu Kitulo kwa kujipenyeza kama mwizi. Hana budi kutaka ruhusa ya wenye hifadhi, kulipa ada, na kufuata maagizo ya askari wake. Ofisi ya hifadhi iko Matamba. Kadhalika mkipita vijijini, nendeni kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji mkamwamkie na kumweleza safari yenu. Siku ya taabu watu wa kijiji hicho ndio watakaokuja kuwatafuta.

4. Hesabu ya saa na ya baridi

Sasa tuchukue kalamu. Mwaka 1892 mpanda milima mmoja wa Uskoti, jina lake Naismith, alitoa kanuni ambayo hutumika hata leo. Kwa vipimo vyetu yasema hivi: hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, kisha uongeze saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda.

Tuseme njia ya siku moja ina kilomita 10, na kupanda kwake ni mita 1,500. Kilomita 10 ni saa 2. Mita 1,500 ni saa 2 na nusu. Jumla ni saa 4 na nusu. Lakini kanuni hiyo ni ya mtu mzima mwenye nguvu asiye na mzigo mzito. Kwa watoto wenye mizigo tuongeze nusu ya jumla, ndipo tupate saa 6 na dakika 45. Tukiongeza saa 1 na robo ya kupumzika na kula, tutapata saa 8.

Mwezi wa Juni kwetu jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kutua baada ya saa 12 na nusu jioni. Wakiondoka saa 1 asubuhi watafika saa 9 alasiri, wawe na nafasi ya kuteka maji, kukusanya kuni kwa ruhusa ya wenyeji, na kupika kabla ya giza. Wakichelewa kwa kununua vitumbua na kuagana na marafiki mpaka saa 5, watafika saa 1 usiku, nao watakuwa wametembea gizani kando ya magenge. Njia ni ile ile na miguu ni ile ile, ila saa ya kuondoka ndiyo iliyobadilika.

Hesabu ya pili ni ya baridi. Mtu akipanda mita 1,000, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Uso wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 475 juu ya bahari, na Kitulo uko mita 2,600. Tofauti yake yazidi mita 2,100, basi joto litapungua kwa digrii 12 au 13. Kama Matema mchana kuna digrii 28, huko juu saa ile ile kuna digrii 15 tu, na usiku bado. Mtoto wa Mbugani ambaye shati moja humtosha mwaka mzima hawezi kulijua jambo hili kwa ngozi yake. Sharti alijue kwa hesabu.

Hesabu ya tatu ni ya jikoni. Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufika digrii 100. Penye kimo cha Kitulo huchemka penye digrii 91 hivi. Ndiyo sababu maharage ambayo huku chini huiva kwa muda wa kawaida, huko juu huchelewa sana na kumaliza kuni. Afadhali kuchukua mchele wetu wa Kyela, na usipa waliokaushwa, ambao ni wepesi kubeba na wepesi kuiva. Viazi watanunua kwa Wakinga. Mtu mmoja akila gramu 400 za mchele kwa siku, watu 6 kwa siku 3 watahitaji kilo 7 na gramu 200. Lakini mwalimu atapima chakula cha siku 4, kilo 9 na gramu 600, kwa sababu mvua au mguu ulioteguka waweza kuwazuia siku moja.

5. Mizigo na afya

Kila mmoja atachukua blanketi, nguo nzito ya kulalia iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni isilowe, koti la mvua, kofia, soksi za pili, na chupa za maji zitoshazo lita 2. Kwa wote watachukua sufuria, viberiti vilivyofungwa pakavu mahali pawili, tochi, kisu, kamba, sabuni, na dawa za vidonda. Maji ya kijito yachemshwe kabla ya kunywewa. Viatu visiwe vipya. Vivaliwe mwezi mzima kabla ya safari, vizoee mguu na mguu uvizoee.

Simu ya mkononi ni msaada, lakini msiiweke kuwa tegemeo. Kati ya vilima huenda isipate mawasiliano, na baridi humaliza nguvu ya betri upesi. Kwa hiyo mwalimu ataandika karatasi yenye majina ya wote, njia watakayopita, mahali pa kulala kila usiku, na siku ya kurudi. Nakala moja atampa mwalimu mkuu, na nyingine wazazi. Chini yake ataandika, “Tusipoonekana kesho yake, mtutafute.”

Maradhi mawili yafaa kuangaliwa sana. La kwanza ni malaria. Milimani mbu ni wachache, lakini mtu aliyeumwa na mbu huku Mbugani aweza kushikwa na homa juma moja au mawili baadaye, akiwa huko juu. Basi mtu akitetemeka mlimani na mwili wake ni wa moto, msiseme, “Ni baridi tu.” Ashushwe apelekwe penye kituo cha afya upesi.

La pili ni baridi yenyewe. Mtu aliyelowa na kupigwa na upepo hutetemeka kwanza. Halafu hujikwaa, mikono yake hushindwa kufunga kifungo, na maneno yake huwa mazito kama ya mlevi. Huyo yuko hatarini hata kama asema, “Mimi sijambo.” Mtieni penye kinga ya upepo, mvueni nguo zilizolowa, mvikeni kavu, mfunikeni pamoja na mwenziwe, na mkimwona aweza kumeza mpeni chai ya moto yenye sukari. Wala asiachwe peke yake.

6. Saa ya kurudi

Jambo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Kabla ya kuondoka, mwalimu atawakusanya na kusema: “Saa 6 mchana tutasimama tuangalie. Ikiwa tungali chini ya nusu ya njia, tutarudi. Hata kama kilele chaonekana, tutarudi. Je, mwakubali?” Nao watakubali wote, maana nyumbani ni rahisi kukubali.

Haya, tuseme siku imefika. Mmoja wa wale wadogo amepata lengelenge, wametembea polepole, na ukungu umeshuka. Saa 6 yafika, nao hawajafika nusu. Mkubwa wao asema, “Mwalimu, tumekaribia! Tukirudi, wenzetu wa Mbugani watatucheka.”

Mwalimu atamjibu, “Mwanangu, tukigeuka sasa, kwa saa 5 zile zile tutakuwa chini, na jua lingaliko. Tukiendelea, kwa mwendo huu hatutafika kabla ya saa 11, nao ndugu yako mdogo atakuwa amechoka, penye baridi, mahali tusipopajua. Yule wa mnara alichekwa kwa sababu hakuhesabu. Sisi tulihesabu, na kurudi kulikuwamo katika hesabu.”

Msomaji, lishike neno hilo. Mtu asiye na mpango akirudi, huona aibu, kwa hiyo hujikaza aendelee hata kwenye mauti. Mwenye mpango akirudi, ametimiza alichokusudia. Mlima utakuwapo likizo ijayo, nao wanafunzi watakaorudi salama watakuwapo wa kuupanda.

Na siku watakapofika Kitulo, likumbukwe jambo moja zaidi. Okidi nyingi za huko zilichimbwa kwa ajili ya mizizi yake minene, ikauzwa nchi ya Zambia kufanyiwa chakula kiitwacho chikanda. Mzizi ukichimbwa, ua la mwaka ujao halipo. Hilo lilikuwa moja ya sababu za kuilinda nchi ile. Tazameni maua, yachoreni katika madaftari yenu, kisha yaacheni mahali pake. Nanyi takataka zenu zirudisheni Mbugani. Wale watakaokuja nyuma yenu nao walihesabu siku zao kwa shauku, kama ninyi.

Maswali

1. Kwa nini jua huchelewa kuonekana Matema asubuhi?
2. Taja faida moja na hasara moja ya kwenda Kitulo mwezi wa Desemba, na vivyo hivyo ya mwezi wa Juni. Wewe ungechagua upi? Toa sababu.
3. Wataalamu walipataje habari za kipunji? Habari hiyo yatufundisha nini?
4. Njia ina kilomita 15, na kupanda kwake ni mita 900. Kwa kanuni ya Naismith itachukua saa ngapi? Ukiongeza nusu kwa ajili ya watoto, itachukua saa ngapi?
5. Ikiwa ufukoni kuna digrii 30, penye kimo kinachozidi ufuko kwa mita 1,500 kuna digrii ngapi?
6. Eleza dalili za mtu aliyeshikwa na baridi kali, na namna ya kumsaidia.
7. Kwa nini mwalimu aliweka saa ya kurudi kabla ya kuondoka, wala hakungoja mpaka wafike njiani?
8. Andika karatasi ya safari ya siku mbili kwenda mlima ulio karibu na kwenu. Onyesha majina, njia, saa, chakula na saa ya kurudi.